Kivuli, Maji na Upepo: Mafundisho kwa Wanaokwenda Kutazama Mashindano



Uko ugonjwa mmoja usioletwa na mbu, wala na maji machafu, wala na nzi. Unaletwa na jua, mchana kweupe, mahali watu walipokusanyika kufurahi. Mtu hutoka nyumbani akiwa mzima, amevaa nguo zake nzuri, anaketi kando ya kiwanja kutazama mpira wa miguu au tenisi. Saa tisa anabebwa mikononi mwa rafiki zake. Wengine wanasema, "Amelewa." Wengine wanasema, "Amerogwa." Nao wakiwa bado wanabishana, yeye anakufa kwa joto.

Ugonjwa huu ni rahisi kuuzuia kuliko magonjwa mengi yanayoletwa hospitalini. Dawa zake za kwanza ni tatu, wala hazihitaji karatasi ya mganga: kivuli, maji na upepo. Soma mafundisho haya, kisha uwasomee na wale wasiojua kusoma.

HATA WENYE NGUVU HUANGUKA

Usidhani kwamba jua linawashinda wazee na watoto tu. Tarehe 14 Januari 2014, katika mashindano makubwa ya tenisi kule Melbourne, Australia, joto lilipita digrii 40. Mchezaji mmoja wa Kanada, Frank Dancevic, kijana aliyezoea mazoezi, alizimia katikati ya kiwanja. Siku mbili baadaye wakubwa wa mashindano walisimamisha michezo kwenye viwanja visivyo na paa.

Mwezi wa Julai 2021, katika michezo ya Olimpiki kule Tokyo, Paula Badosa wa Hispania alitolewa kiwanjani katika kiti cha magurudumu kwa sababu ya joto. Wakubwa walifanya nini? Walibadili saa. Michezo iliyokuwa ikianza saa tano asubuhi ikaanza saa tisa mchana.

Na jirani yetu Janny Sikazwe, mwamuzi wa mpira kutoka Zambia, tarehe 12 Januari 2022 alisimamia mchezo wa Tunisia na Mali kule Limbe, Kameruni. Alipiga filimbi ya mwisho kabla dakika 90 hazijatimia. Watu walikasirika na kumcheka. Baadaye ikaelezwa kwamba joto lilikuwa limemshinda. Kumbuka jambo hili, kwa maana tutalirudia: mtu aliyeshindwa na joto huanza kukosea katika mambo anayoyajua vizuri.

VITU VINNE VYA KUPIMA

Tangu mwaka 2019, wakubwa wa mashindano ya Melbourne hupima vitu vinne kabla ya kuamua kama mchezo uendelee. Wewe nawe unaweza kuviangalia bila chombo chochote.

1. Joto la hewa. Je, hewa ni ya moto hata kivulini?
2. Nguvu ya jua. Je, liko wingu, au jua linachoma ngozi?
3. Unyevu. Je, jasho linakauka, au linatiririka tu?
4. Upepo. Je, majani ya miti yanatikisika?

Jasho ndilo linalopoza mwili wetu. Linapokauka juu ya ngozi linachukua joto na kwenda nalo, kama vile maji yanavyopoa ndani ya mtungi wa udongo. Kwa hiyo jasho linalotiririka mpaka chini halikusaidii sana. Lazima likauke, na ili likauke lazima upepo ulifikie. Tena, ili jasho litoke, lazima kuwe na maji mwilini. Ndiyo maana kivuli, maji na upepo huenda pamoja.

KIVULI HUTEMBEA

Watu wengi hufika kiwanjani asubuhi, wakaona kivuli kizuri, wakaketi. Saa nane jua linawapiga usoni, na mahali pengine pamekwisha jaa watu. Kosa lao ni kusahau kwamba kivuli hutembea.

Asubuhi kivuli cha mti kiko upande wa magharibi. Mchana kinakuja karibu na shina. Baada ya hapo kinakwenda upande wa mashariki, tena kinakua kadiri jua linavyoshuka. Basi, kama mchezo ni wa alasiri, keti mashariki ya mti, ili mti uwe kati yako na machweo ya jua. Ukifika kivuli kikiwa bado kidogo, usihangaike, kitakufuata.

Sisi wa Kamina tuna jambo lingine la kujua. Mji wetu uko kusini ya ikweta, digrii 8 na zaidi. Kwa hiyo katikati ya mwezi wa Oktoba, na tena mwishoni mwa Februari, jua la saa sita linasimama juu ya kichwa kabisa. Siku hizo ukuta hauna kivuli saa sita; ni mti wenye matawi mapana au paa tu vinavyokufaa. Mwezi wa Juni na Julai jua la saa sita linapita upande wa kaskazini, na kivuli cha ukuta kinaangukia kusini. Mwezi wa Desemba ni kinyume chake: kivuli cha ukuta kiko kaskazini.

Kiwanja cha tenisi nacho kinakufundisha. Wajenzi hukilaza kutoka kaskazini kwenda kusini, ili jua la asubuhi na la jioni lisiwapige wachezaji machoni. Kwa hiyo pande zake mbili ndefu ni mashariki na magharibi. Alasiri, chagua upande wa magharibi, kama nyuma yake kuna miti, ukuta au paa. Jua litakuwa nyuma yako, kivuli kitakuangukia, na macho yako yatauona mchezo vizuri. Wanaoketi upande wa mashariki watatazama jua mpaka jioni.

VIVULI SI SAWA

Kivuli cha mwembe ni kizuri, kwa maana majani yake ni mengi na hewa inapita chini yake. Kivuli cha mkaratusi ni chepesi, jua linapenya. Kibanda cha majani makavu ni baridi kuliko kibanda cha bati. Bati lililo chini, karibu na vichwa vya watu, linapata moto na kuwaoka kama mkate. Hema la turubai ni jema likiinuliwa juu na pande zake zikiachwa wazi. Ukifunga pande zote, umeondoa jua, lakini umefukuza na upepo.

Motokaa iliyofungwa juani si kivuli. Usimwache mtoto ndani yake hata kidogo.

Tena, angalia mawingu. Wakati wa mvua, mara nyingi jua kali la mchana hufuatwa na ngurumo. Mti ni rafiki wa mtu wakati wa jua, lakini ni hatari wakati wa radi. Ukisikia ngurumo, toka chini ya mti, uingie katika nyumba au motokaa.

VITU VYA KUCHUKUA

Mchezo wa mpira wa miguu una dakika 90, nawe unajua saa ya kurudi nyumbani. Tenisi haina saa. Mchezo unaendelea mpaka mmoja ashinde. Mwaka 2010, kule Wimbledon, Uingereza, watu wawili walicheza mchezo mmoja kwa saa 11 na dakika 5, wakaumaliza siku ya tatu. Basi usiende kama mtu anayekwenda kukaa kidogo tu.

Chukua kofia yenye ukingo mpana, au mwavuli. Ukiwa na mwavuli, keti mwishoni mwa mstari, usije ukawazuia walio nyuma. Vaa nguo nyepesi, pana, zenye rangi nyeupe au isiyo nzito. Chukua kitambaa, kiloweshe maji, ukiweke shingoni, na kikikauka ukiloweshe tena.

Chukua maji ya kunywa yaliyochemshwa, katika chupa au bidoni safi yenye kifuniko. Jimbo letu la Haut-Lomami linaijua kolera. Usikimbie jua ukaangukia kolera kwa kunywa maji yasiyo safi kando ya kiwanja. Munkoyo ni kinywaji kizuri kikitengenezwa kwa maji yaliyochemshwa. Lakini bia na lutuku si maji. Pombe inafukuza maji mwilini, tena inamfanya mtu asitambue kwamba anaugua.

Kunywa kidogo kidogo, mara nyingi. Wachezaji wa tenisi wanapobadilishana pande hupumzika sekunde 90, nao hunywa. Fanya hivi: wanapokunywa wao, unywe nawe. Tena kula chakula chenye chumvi kidogo, kwa maana jasho linatoa chumvi pia. Angalia mkojo wako: ukiwa mweupe au wa manjano hafifu, ni vizuri, ukiwa mzito na mchache, mwili unaomba maji.

WANAOPASWA KUPEWA KIVULI KWANZA

Kivuli kikiwa kidogo, kisichukuliwe na wenye nguvu. Wapeni hawa kwanza:

Wazee, na wenye ugonjwa wa moyo au wa presha. Wanaokunywa dawa za kukojoa wamwulize mganga kabla ya kwenda.

Mama wenye mimba.

Watoto wachanga. Mama, mtoto aliye mgongoni, amefungwa kitenge, amevikwa kofia ya sufu, anapata joto lako na joto la jua pamoja. Mtoe mgongoni, mvue nguo nzito, mpepee. Mtoto asiyetimiza miezi 6 asipewe maji. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, nawe mwenyewe unywe.

Wenye ugonjwa wa damu wa SS. Mwili ukikosa maji, maumivu yao yanaamka.

Ndugu zetu wenye ualbino. Ngozi yao haina kinga, na jua la kila siku linaweza kuwaletea kansa ya ngozi. Wavae mikono mirefu na kofia, wala mtu asiwacheke wala kuwasukuma nje ya kivuli.

DALILI NA MSAADA

Mwanzo ni mdogo. Misuli inauma. Kichwa kinauma. Jasho ni jingi, mtu anaona kizunguzungu na kichefuchefu. Mpeleke kivulini, mlaze, inua miguu yake, legeza nguo, mloweshe maji, mpepee. Kama anaweza kumeza, mpe maji kidogo kidogo. Unaweza kutengeneza maji haya: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Asipopata nafuu upesi, apelekwe hospitali.

Dalili za hatari ni hizi: anasema maneno yasiyo na maana, anasahau jina la mahali alipo, anatembea kama mlevi, anatetemeka mwili mzima, anazimia. Ngozi ni ya moto sana, ikiwa kavu au yenye jasho. Mwili umepita digrii 40, na akili inaungua. Hapo usingoje mchezo uishe.

Fanya hivi upesi:

1. Mmoja akatafute motokaa au pikipiki, wengine wabaki na mgonjwa.
2. Mvueni nguo za juu. Mwagieni maji mwili mzima, tena na tena. Maji ya kumwagia si lazima yawe yamechemshwa, lakini yasiingie kinywani.
3. Mpepeeni wote kwa vitambaa na makaratasi. Watu wasimzunguke na kuzuia upepo.
4. Akizimia au akitapika, mlazeni ubavuni. Msimpe kitu chochote kinywani.
5. Endeleeni kumpoza njiani. Mtu anayepozwa kwanza ndiye anayefika akiwa hai.

Msimpe paracetamol wala aspirini. Joto hili haliondolewi na vidonge. Msingoje kumtafuta aliyemroga.

Lakini usiseme kila joto ni la jua. Kwetu malaria ni nyingi. Mtu aliyepumzika kivulini, akanywa maji, na bado mwili ni wa moto jioni au kesho yake, aje hospitali apimwe damu. Mtoto mwenye joto aletwe siku ileile.

NENO KWA WANAOPANGA MASHINDANO

Ninyi wakubwa wa shule, wa makanisa na wa vikundi vya vijana, mnaweza kuokoa watu wengi kuliko mganga. Septemba na Oktoba, kabla ya mvua kushika, msianze mchezo kati ya saa tano na saa tisa. Chezeni asubuhi mapema, au baada ya saa tisa na nusu. Wekeni pipa la maji safi lenye kifuniko na bomba. Wapeni wachezaji nafasi ya kunywa katikati ya kila kipindi. Wachezaji wasiozoea jua waanze mazoezi kidogo kidogo kwa muda wa majuma 2. Na mwaka huu pandeni miembe upande wa magharibi wa kiwanja. Watoto wenu watakapokuwa watazamaji, kivuli kitakuwa kinawangoja.

MASWALI YA KUJIFUNZA

1. Mchezo unaanza saa tisa mchana. Utaketi upande gani wa mti? Kwa nini?
2. Kwa nini hema lililofungwa pande zote si zuri?
3. Ni mambo gani yanayoonyesha kwamba joto limefika kwenye akili ya mtu?
4. Rafiki yako ameanguka kiwanjani. Utafanya nini kabla motokaa haijafika?
5. Katika nyumba yenu, ni nani anayepaswa kupewa kivuli kwanza?