Kipupwe Kimeingia, Lakini Ni Kipupwe cha Wapi?

Kila mwaka ufikapo mwezi wa Juni, hapa Garsen husikika maneno mawili yasiyohitaji kuelezwa: "Kipupwe kimeingia." Muuza kahawa atayasema alfajiri akichochea makaa yake, na mfugaji aliyejitanda shuka atamwitikia. Mji wetu huu ni njia panda ya watu na lugha. Wapo Wapokomo wanaolima kando ya Mto Tana, Waorma na Wawardei wenye ng'ombe, Waswahili wa Kipini na Lamu, na watumishi wa serikali waliotoka bara. Kila mmoja ana lugha yake nyumbani, lakini sokoni wote husema kipupwe wakaelewana.

Hebu basi, ndugu msomaji, tulitazame neno hili jinsi litumikavyo katika sentensi, kwani siku hizi naona limeanza kuvutwa huku na huku hata maana yake yapotea.

Kwanza, kipupwe ni majira, si hali ya mwili. Twasema "kipupwe kimeingia", "kipupwe kimekaza", "kipupwe kimekwisha". Lakini mtu anayetetemeka husema "nasikia baridi", wala hasemi "nasikia kipupwe". Baridi yaweza kumpata mtu mmoja hata katikati ya joto la Machi akiwa na homa. Kipupwe hakimchagui mmoja. Kikija huja kwa wote. Ndiyo maana ni sawa kusema "Kipupwe cha mwaka huu kina baridi", na hapo hakuna neno lililorudiwa bure.

Pili, kipupwe ni mtoto wa kusi. Pepo za kusi huanza mwezi wa Aprili pamoja na masika. Mvua zikipungua na upepo ukizidi, kati ya Juni na Agosti, ndipo tunaposema kipupwe. Mombasa joto la mchana mwezi wa Julai huwa kama nyuzi 28, hali mwezi wa Machi hufika 32 au kuzidi. Mtu wa Nyahururu akisikia hayo hucheka na kuuliza, "Hii nayo ni baridi?" Naam, kwetu sisi tuliotoka katika joto la kaskazi ni baridi, na neno ni letu.

Jambo la tatu ni kwamba sentensi ileile huwa na kazi mbalimbali kwa kutegemea msemaji. Mvuvi wa Kipini, pale mto unapomwagika baharini, akisema "Kipupwe hiki hatutoki", mkewe hafikirii baridi hata kidogo. Afahamu kwamba bahari imechafuka na kitoweo kitakuwa ghali. Mkulima wa Kipokomo husema "Kipupwe kimeingia" akitazama ardhi. Maji ya masika yaliyoteremka kutoka Mlima Kenya na Nyandarua yameanza kurudi mtoni, udongo umebaki na unyevu, na kwake maneno hayo ni kusema, "Twendeni shamba." Waborana nao, ambao lugha yao ni ndugu ya Kiorma, wana jina lao la majira haya ya ubaridi: adolesa.

Tukija upande wa dini, mwezi mwandamo huutangulia mwaka wa jua kwa siku kama 11 kila mwaka, na kwa hiyo Ramadhani huzunguka majira yote. Ramadhani za mwaka 2013, 2014 na 2015 ziliangukia Juni, Julai na Agosti, na wazee walisema, "Hii ni Ramadhani ya kipupwe," wakimaanisha kwamba kiu si kali. Lakini Mwislamu aliyekuwa London miaka hiyohiyo alifunga katika majira ya joto, saa 18 hivi kila siku. Mwezi ni uleule, na saumu ni ileile, ila sentensi yetu kwake haina maana.

Hapo ndipo penye hatari ninayotaka kuieleza. Katika Surat Quraish zimetajwa safari mbili za Makuraishi, ya shitaa na ya seif. Wafasiri hueleza kwamba ile ya shitaa ilikuwa ya kwenda Yemeni na ile ya seif ya kwenda Shamu. Mtoto wa chuoni akiambiwa tu kwamba shitaa ni kipupwe, atahesabu Juni na Julai, miezi ambayo Makka huwaka kama tanuri. Shitaa ya Waarabu ni Desemba hadi Februari, wakati ambao sisi tumo katika kaskazi, na jasho latutiririka.

Kosa hili haliishii darasani. Jirani yangu mmoja ana kijana afanyaye kazi Kanada. Mwezi wa Desemba kijana alimpelekea mamake ujumbe: "Mama, kipupwe kikiisha nitakuja, inshallah, tumalize mambo ya harusi." Mama akahesabu kipupwe anachokijua yeye, akawaambia wazee wa binti kwamba harusi ni Septemba. Kijana akashuka katikati ya Aprili, ruhusa yake wiki tatu tu. Mvua ilikuwa imeshika, barabara ina maji, shangazi zake wa Lamu hawakuweza kufika. Baba wa binti aliona amefanyiwa mchezo, na ilibidi watu wazima waende mara mbili kumwomba radhi. Alhamdulillahi, nikaha ilifungwa, lakini ilifungwa bila ya wale waliomlea bwana harusi. Hakuna aliyesema uongo. Mama na mwana walitumia neno moja kwa miezi miwili tofauti.

Wala barabara yetu si ya kufanyiwa mzaha. Mwezi wa Novemba 2023, katika mvua za vuli, mafuriko yaliikata njia ya kutoka Garsen kwenda Lamu karibu na Gamba, na wasafiri wakakwama. Huku kwetu kutaja majira ni kutaja kama njia inapitika au haipitiki.

Lugha hukua, hilo silikatai. Tanzania utasikia "basi lenye kipupwe", yaani basi lenye mtambo wa kupoza hewa, na hakuna abiria atakayepotea kwa hilo. Lakini tunapozungumza habari za Ulaya, Marekani au Uarabuni, naona afadhali tuseme "majira ya baridi ya huko", kisha tutaje na mwezi. Kipupwe tukiachie maana yake ya hapa: baridi ya kusi, Juni hadi Agosti.

Kijana wa Kanada angeandika, "Mama, majira ya baridi ya huku yakiisha, mwezi wa Aprili, nitakuja," mamake angemjibu palepale: "Mwanangu, Aprili ni masika, hatutavuka. Ngoja kipupwe." Na shangazi zake wangekuwapo.