Chakula cha Mimea Kilichomo Udongoni



Wewe ukaaye Bariadi wajua ya kuwa ardhi si moja. Juu, penye mawe, iko luseni, udongo wa mchanga ulio mwepesi kulima. Chini yake iko itogolo, ardhi ngumu ya kijivu. Na bondeni iko mbuga, udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi. Wasukuma waliipa ardhi majina hayo zamani, kabla ya mtaalamu wa udongo wa Amani, Geoffrey Milne, kueleza mwaka 1935 jinsi udongo wa namna mbalimbali unavyofuatana kama mnyororo toka kilimani hata bondeni. Lakini je, wajua sababu ya luseni kuchoka upesi kuliko mbuga?

Kwanza fahamu ya kuwa mmea hauli udongo. Karne ya 17, huko Ulaya, Jan Baptist van Helmont alipanda mche katika chombo chenye ratili 200 za udongo mkavu, akautia maji tu. Baada ya miaka 5 mti ulikuwa na uzito wa ratili 169 na zaidi, lakini udongo ulipungua wakia 2 hivi. Sehemu kubwa ya mwili wa mmea hutoka katika hewa na maji. Hata hivyo, kile kidogo kitokacho udongoni kikikosekana, mmea hauwezi kukua.

Kidogo hicho ni chumvichumvi ambazo mizizi hunywa zikiwa zimeyeyuka katika maji. Zilizo kubwa ni tatu. Naitrojeni ikipungua, majani ya chini ya mahindi huwa manjano. Fosforasi ikipungua, mahindi machanga huwa na rangi ya zambarau. Potasiamu ikipungua, kingo za majani ya chini hukauka kama zilizoungua.

Udongo wa mfinyanzi na mboji hushika nyingi za chumvichumvi hizi zisichukuliwe na maji. Mzizi nao hutoa asidi kidogo, hupewa chakula badala yake, kama mtu anunuaye sokoni. Bali mchanga hauna nguvu ya kushika. Mvua kubwa huosha chakula cha luseni kikazama chini, na kingine huchukuliwa na maji pamoja na udongo wenyewe hata mto Simiyu, na mto huo humwagika katika Ziwa Victoria.

Tena liko jambo la pamba. Nyuzi zake karibu zote zimetokana na hewa na maji, lakini naitrojeni na fosforasi zimo katika mbegu. Upelekapo pamba sokoni, mbegu huenda pamoja nayo. Haba na haba hujaza kibaba. Na haba na haba hukimaliza pia.

Basi, ni nani atakayelilipa shamba? Tazama zizi lako. Ng'ombe hushinda wakila majani ya ngitili na mabua ya mashamba, na jioni hurudi nyumbani. Kwa hiyo chakula kilichotoka ardhini mahali pengi hukusanyika zizini. Si vema kulalamika ya kuwa shamba limechoka, na huku lundo la samadi limekaa bure nyuma ya nyumba.

Fanya hivi. Tandika nyasi au mabua zizini, yanywe mkojo, kwani mkojo una naitrojeni nyingi. Lifunike lundo, jua na mvua visiliharibu. Ile harufu kali ni naitrojeni inayotoroka. Ichukue samadi shambani kwa mkokoteni kabla ya mvua, uifukie siku iyo hiyo. Ikiwa ni haba, weka konzi moja katika kila shimo, uichanganye na udongo ndipo upande. Fosforasi haitembei sana udongoni, basi yafaa iwe karibu na mizizi. Panda pia kunde na karanga, na dengu katika mbuga. Vinundu vya mizizi yake huvuta naitrojeni ya hewa.

Usiyakubali maneno haya kwa kuyasikia tu. Chagua mistari miwili ya mahindi katika luseni yako: mmoja utie samadi, wa pili uache. Wakati wa mavuno pima kila mmoja peke yake. Shamba lenyewe litakujibu.