Ukoo wa Lincoln Katika Daftari za Ardhi

Desemba 20, 1859, Abraham Lincoln, wakati huo wakili wa Illinois ambaye urais bado ulikuwa ndoto, alimwandikia rafiki yake Jesse Fell muhtasari wa maisha yake. Kuhusu wazee wake hakuwa na mengi. Babu yake, ambaye naye aliitwa Abraham, alihama kutoka kaunti ya Rockingham, Virginia, akaingia Kentucky yapata 1781 au 1782. Baada ya mwaka mmoja au miwili akauawa na wenyeji wa asili akiwa anafyeka msitu apate shamba. Kabla ya Virginia, ukoo ulitokea kaunti ya Berks, Pennsylvania. Nyuma ya hapo palikuwa giza. Waliojaribu kuwaunganisha na akina Lincoln wa New England, alieleza, hawakupata zaidi ya majina yanayofanana: Enoch, Levi, Mordecai, Solomon, Abraham.

Leo nasaba hiyo inajulikana vizazi sita juu yake, mpaka kwa kijana mfumaji, Samuel Lincoln, aliyeondoka Norfolk, Uingereza, mwaka 1637. Hakuna mzee aliyekumbuka ghafla, wala Biblia ya familia iliyogunduliwa sandukuni. Zilizofungua njia ni karatasi za ardhi, za mirathi na za madeni. Walowezi waliosogea magharibi, kwenye ukingo wa makazi ya Wazungu, wengi hawakujua kuandika, makanisa yao hayakuwa na daftari za ubatizo, na serikali haikusajili kuzaliwa wala kufa. Lakini hakuna aliyeweza kudai ekari moja bila kupita kwa karani. Anayetafuta mababu huko asianze kuuliza nani kazaliwa lini. Aulize nani alikuwa na shamba wapi, na lilipotoka mikononi mwake lilikwenda kwa nani.

Chukua shamba la babu Abraham. Kentucky ilikuwa bado sehemu ya Virginia, na sheria ya ardhi ya 1779 ilimpitisha mtu hatua nne. Kwanza alilipa hazina akapewa waranti, kibali cha ekari kadhaa zisizotajwa ziko wapi. Kisha aliandikisha mahali alipopachagua, akaja mpimaji, na mwisho kabisa hati ikatiwa saini na gavana. Kila hatua ilizaa karatasi yake. Machi 4, 1780 ilitolewa waranti namba 3334, ya ekari 400 kwa pauni 160, kwa jina la Abraham Linkhorn. Ndiyo, Linkhorn. Karani aliandika alivyosikia, na mwenye jina hakuona sababu ya kubishana. Anayetafuta Lincoln peke yake, herufi kwa herufi, ataipita karatasi muhimu kuliko zote za mtu huyu. Daftari za zamani husomwa kwa sikio kwanza, ndipo kwa jicho.

Upimaji wenyewe ulifanyika Mei 7, 1785, kwenye kijito cha Long Run, kaunti ya Jefferson, chini ya mpimaji William Shannon. Ramani ni mistari michache inayokwenda kutoka mti hadi mti. Utamu uko chini, kwenye majina ya vibarua. Waliobeba mnyororo wa kupimia ni Hananiah Lincoln na Josiah Lincoln. Aliyechanja alama kwenye miti ni Abraham Linkhorn mwenyewe. Wabeba mnyororo walikula kiapo, na kwa kawaida mwenye shamba aliwaleta watu wake. Kwa hiyo mstari unaoonekana kama orodha ya malipo ni ushahidi wa udugu: kulikuwa na Lincoln wengine porini pale, siku ile. Josiah ni jina la mwana wa pili wa babu huyo, ingawa jina peke yake halitoshi kuthibitisha kwamba ndiye.

Halafu tazama tarehe. Rais aliamini babu yake aliuawa mwaka mmoja au miwili baada ya kuhama, yaani kati ya 1782 na 1784. Mtu aliyekuwa anachanja miti Mei 1785 hakuwa marehemu. Aliuawa mwaka uliofuata, 1786. Kumbukumbu ya familia ilihifadhi tukio zima: jinsi Mordecai, mtoto mkubwa, alivyokimbilia bunduki nyumbani na kumpiga risasi mtu aliyekuwa anamnyakua mdogo wake Thomas. Mwaka ndio uliopotea. Hilo ni jambo la kawaida kabisa. Masimulizi hushika damu na kuacha hesabu.

Na mwaka huo una uzito. Virginia ilikuwa imekwisha kupitisha sheria ya kufuta desturi ya mtoto wa kwanza kurithi ardhi yote, lakini sheria hiyo ilianza kutumika Januari 1787. Baba alikufa miezi michache tu kabla. Mordecai akarithi ardhi. Thomas, kitinda mimba wa kiume, akakua bila shamba, kibarua wa kuzunguka, na hata utu uzimani, kwa maneno ya mwanawe, hakuweza kuandika zaidi ya kuchora jina lake kwa shida. Ufukara wa nyumba aliyozaliwa rais hauelezwi na uvivu wa Thomas, kama wasimulizi wengi wa zamani walivyopenda kusema. Sehemu yake kubwa iko kwenye tarehe hiyo moja.

Mirathi nayo ina mtego wake. Babu aliuawa Jefferson, lakini shauri la mali yake lilifika mahakama ya kaunti ya Nelson mwezi Oktoba 1788, kwa sababu mjane alikuwa amehamishia watoto upande huo. Orodha ya mali inataja farasi, ng'ombe na ndama wao, majembe, bunduki, sahani za bati na godoro la manyoya. Atakayeng'ang'ania kaunti ya kifo ataondoka mikono mitupu.

Kaunti zenyewe ziligawanywa kila mara: Nelson ikazaa Washington mwaka 1792, kisha Hardin mwaka 1793, na kipande cha Hardin alichozaliwa rais kikawa LaRue mwaka 1843. Familia inaweza kukaa kwenye kibanda kilekile na nyaraka zake zikatapakaa kwenye majengo matatu. Sensa haisaidii sana. Ya 1790 na ya 1800 kwa Kentucky zimepotea, na hata zilizosalia mahali pengine zinataja mkuu wa kaya pekee mpaka ilipofika 1850. Daftari za kodi ndizo huziba pengo.

Mgawanyo huo wa kaunti ndio ulioficha cheti cha ndoa ya wazazi wa Lincoln kwa miaka mingi. Thomas aliishi Hardin, kwa hiyo watu walitafuta Hardin. Mwaka 1860 karani wa huko, Samuel Haycraft, alikutana na ndoa ya Thomas na Sarah Johnston ya 1819, akadhani huyo ndiye mama. Lincoln alimjibu kwa upole kwamba huyo ni mke wa pili, na mama yake aliitwa Nancy Hanks. Ndoa ya kwanza haikuonekana, na maadui wa kisiasa hawakuhitaji zaidi ya hapo kunong'ona kwamba rais alizaliwa nje ya ndoa.

Karatasi ilikuwepo muda wote, Springfield ya Kentucky, kaunti ya Washington, alikokuwa anaishi bibi harusi. Ilipatikana 1878, miaka 13 baada ya rais kuuawa. Ni dhamana ya pauni 50 ya Juni 10, 1806, iliyosainiwa na Thomas na mtu aitwaye Richard Berry, na orodha ya mchungaji Jesse Head inaonyesha kwamba aliwafungisha ndoa Juni 12. Mtoto wao Abraham alizaliwa Februari 12, 1809. Uvumi ukakosa msingi.

Ukiitazama dhamana kwa karibu, ubavuni mwa jina la Berry kuna neno. Alikusudia kujitaja kuwa mlezi wa msichana, kwa Kiingereza guardian, tahajia ikamponyoka, akaandika garden, yaani bustani. Kosa hilo halibadilishi maana: Nancy alisimamiwa na mlezi, si baba.

Kuvuka kutoka Virginia kurudi Pennsylvania, na kutoka huko kwenda New England, kulihitaji kazi ileile ya ardhi. Baba wa yule babu, John, alifika bonde la Linville Creek, Virginia, mwaka 1768. Mwaka 1748, akiwa bado Pennsylvania, aliuza shamba la New Jersey alilorithishwa na baba yake Mordecai, aliyefariki 1736. Mauzo hayo yanamfunga John kwa Mordecai, na Mordecai wa New Jersey anafungwa kwa Mordecai mwingine, mhunzi wa Massachusetts, mwana wa Samuel mfumaji. Mwaka 1887 Samuel Shackford alichapisha mnyororo huu wote kwenye jarida la nasaba la New England. Majina ambayo rais aliyaona ni bahati nasibu yalikuwa dalili ya kweli. Lakini dalili bila hati haimfikishi mtu mbali. Katika mji wa Hingham, Massachusetts, karne ya 17 kulikuwa na Thomas Lincoln kadhaa kwa wakati mmoja, ikabidi watambulishwe kwa kazi zao.

Bahati mbaya nayo ilikuwepo. Juni 1864, jeshi la Muungano chini ya Jenerali David Hunter lilichoma moto nyaraka za mahakama ya Rockingham. Amiri jeshi mkuu wa jeshi hilo alikuwa Lincoln, na karatasi hizo zilikuwa za kaunti ya babu yake. Sijui kama kuna mtafuta nasaba mwingine ambaye askari wake mwenyewe walimchomea ushahidi.

Njia ya ardhi ina upofu wake: humwona mwenye ardhi. Mke hutokea pale mume anapouza, kwa kuwa sheria ilimpa haki ya theluthi na ilibidi ridhaa yake iandikwe. Ndivyo tunavyomjua bibi yake rais kwa jina Bersheba, kwenye mauzo ya 1780. Mtu aliyepigwa risasi na Mordecai hana jina kwenye daftari lolote. Watumwa wanakuwa mali ndani ya wosia, na sensa za 1850 na 1860 zinawahesabu kwa umri na jinsia chini ya jina la bwana wao. Kizazi chao kinachotafuta mababu Kentucky leo hulazimika kufuata ukoo wa mmiliki ili kuupata wao.

Nancy Hanks hakuwa na shamba, wala baba aliyejitokeza kusaini. Kwa zaidi ya karne moja wanahistoria waligombana kama mama yake alikuwa Hanks wa kuzaliwa au wa kuolewa. Karatasi ziligoma kujibu. Mwaka 2015 watafiti walitumia vinasaba vinavyopita kutoka kwa mama kwenda kwa watoto wake, wakawapima watu walio hai wa mlolongo wa kike wa ukoo huo, kwani mwanamume, hata Lincoln mwenyewe, havirithishi kwa watoto wake. Jibu likawa kwamba Nancy alikuwa binti wa Lucy Hanks, na Lucy alizaliwa Hanks. Vinasaba hivyo havisemi lolote kuhusu upande wa kiume, na nafasi ya baba yake Nancy kwenye nasaba imebaki tupu.