Nani Amkabidhi Askofu Fimbo?

Katika Ujerumani ya karne ya 11, askofu alipofariki, pete yake na fimbo yake ya kichungaji vilipelekwa kwa mfalme. Huenda mapadri wa kanisa lake kuu walikuwa tayari na jina la mtu wanayemtaka, huenda hawakuwa nalo. Neno la mwisho lilikuwa la mfalme. Akisharidhika, alimwita mteule mbele ya watu, akamkabidhi pete na fimbo kwa mkono wake mwenyewe na kumwambia apokee kanisa. Mteule aliweka mikono yake kati ya mikono ya mfalme, akala kiapo cha utii. Maaskofu wenzake walikuja kumweka wakfu baadaye, lakini machoni mwa waliohudhuria shughuli ilikuwa imeshakwisha. Askofu amepatikana, na aliyemsimika ni mfalme.

Tendo hilo ndilo lililowagombanisha mapapa na makaisari kwa karibu nusu karne, mpaka mwaka 1122. Wengi wanaoujua ugomvi huo wanaukumbuka kwa picha moja, ile ya mfalme aliyesimama kwenye theluji bila viatu huko Canossa. Kwangu mimi siku iliyo nzito kuliko zote ni nyingine: 12 Februari 1111, ndani ya Basilika ya Mtakatifu Petro, Papa alipojaribu kung'oa mzizi wa ugomvi na maaskofu wakampinga kwa kelele. Ili siku hiyo ieleweke, ni lazima kwanza tujue askofu wa zama zile alikuwa mtu wa namna gani.

Turudi nyuma kwa Otto I, aliyetawazwa kaisari mjini Roma mwaka 962. Otto aliteswa na watu wa nyumba yake. Ndugu yake Heinrich alimwasi, kisha mwanawe Liudolf na mkwewe Conrad wakamwasi pamoja. Kila aliyepewa jimbo la kutawala aliliona kuwa mali ya ukoo wake, na alipokufa wanawe walilidai kama urithi. Kwa askofu mambo yalikuwa tofauti. Hakuwa na mtoto halali wa kumrithisha cheo, alijua kusoma na kuandika, na kiti chake kikibaki wazi kilirudi mkononi mwa mfalme. Basi Otto na waliomfuata wakawamwagia maaskofu madaraka: mahakama, ushuru wa masoko na barabara, haki ya kufua sarafu, na pengine wilaya nzima. Bruno, ndugu mwingine wa Otto, alikuwa askofu mkuu wa Köln na papo hapo mtawala wa jimbo la Lotharingia. Na mwaka 981 Otto II alipoagiza askari wa nyongeza wamfuate Italia, orodha iliyobaki mpaka leo inaonyesha kwamba wengi wa wapanda farasi hao wenye deraya walitakiwa watoke kwa maaskofu na maabati.

Kwa hiyo tunaposema mfalme alimteua askofu, tusimfikirie padri mzee wa kusalisha misa na kubariki ndoa. Alikuwa anamteua mkuu wa mkoa, hakimu, mkusanya ushuru na kamanda, vyote katika mtu mmoja. Mfalme wa Ujerumani aliyenyimwa uteuzi huo alikuwa amenyimwa serikali yake. Tena mfalme mwenyewe hakujiona mlei wa kawaida. Alipakwa mafuta matakatifu siku ya kutawazwa, kama Sauli na Daudi, na aliamini kwa dhati kwamba Mungu amempa kulilinda Kanisa.

Inashangaza kwamba mageuzi yaliyokuja kumnyang'anya mfalme haki hiyo yaliwezeshwa na mfalme. Mwaka 1046 watu watatu walikuwa wakidai kiti cha Papa kwa wakati mmoja, na mmoja wao alikuwa amekipata kwa fedha. Mfalme Henry III wa Ujerumani alishuka Italia, na kwa sinodi za Sutri na Roma wote watatu wakawekwa kando. Akamsimamisha askofu Mjerumani, Clement II, ambaye siku ya Krismasi alimtawaza Henry kuwa kaisari. Baada yake walikuja mapapa wacha Mungu na wachapakazi, na aliyejitokeza zaidi ni Leo IX, aliyeanza kazi mwaka 1049. Waliupiga vita usimoni, yaani kununua na kuuza vyeo vya Kanisa, dhambi iliyopewa jina la yule Simoni mchawi wa Samaria katika Matendo ya Mitume. Lakini mtu akishauliza kama cheo kitakatifu kinaweza kununuliwa, swali la pili halikawii: je, kinaweza kutolewa na mtu asiye kasisi? Kardinali Humbert aliliuliza kwa ukali katika miaka ya mwisho ya 1050. Pete ni ya ndoa ya askofu na kanisa lake. Fimbo ni ya uchungaji. Mtu wa ulimwengu, hata akiwa mfalme, anavitoa kwa mamlaka gani?

Henry III alifariki mwaka 1056 na kumwachia kiti mwanawe Henry IV, mtoto ambaye hata miaka sita hakuwa ameitimiza. Roma ilitumia nafasi hiyo vizuri. Mwaka 1059 Papa Nicholas II aliagiza kwamba Papa achaguliwe na makardinali, na mwaka 1073 mtawa Hildebrand akawa Gregory VII. Katika daftari la barua zake za mwaka 1075 kuna sentensi 27 fupi kuhusu mamlaka ya Papa. Mojawapo inasema Papa anaweza kumwondoa kaisari madarakani. Nyingine, kwamba anaweza kuwafungua raia kiapo walichomwapia mtawala mwovu. Hakuna Papa aliyewahi kuyaandika mambo hayo waziwazi namna hiyo.

Cheche ilitoka Milano, ambako Henry IV, sasa mtu mzima, alimweka askofu mkuu wa kwake wakati Papa alikuwa na wa kwake. Gregory alimwandikia barua ya kumwonya. Januari 1076 Henry aliwakutanisha maaskofu wake mjini Worms, nao wakatangaza kwamba hawamtambui Hildebrand kuwa Papa. Kwaresima hiyo Gregory alijibu kwa kumtenga Henry na Kanisa, kumzuia kutawala, na kuwafungua watu wote kiapo chao kwake.

Leo tangazo kama hilo lingeonekana maneno matupu. Kwa wakati ule lilikuwa silaha, kwa sababu utawala wenyewe ulisimama juu ya viapo. Mfalme hakuwa na jeshi la kudumu wala makarani katika kila wilaya. Alikuwa na watu waliomwapia mbele ya Mungu. Kiapo kikifunguliwa, utawala unabaki bila kamba ya kuushika. Wakuu wa Saksonia, waliokuwa na ugomvi wao na Henry tangu zamani, waliipokea habari hiyo kwa furaha. Oktoba wakuu wa Ujerumani walikutana Tribur wakampa masharti: asipoondolewa adhabu kabla ya mwaka kwisha tangu atengwe, hawatamtambua tena. Kisha wakamwalika Papa aje Augsburg mwezi wa Februari kuamua shauri lao.

Hapo ndipo Henry alipoonyesha akili yake. Alivuka milima ya Alpi katikati ya majira ya baridi, pamoja na mkewe Bertha na mtoto wao mdogo, ili amwahi Papa njiani. Mtawa Lambert wa Hersfeld, ambaye hakumpenda Henry hata kidogo, anasimulia kwamba wanaume waliteremka kwenye barafu wakitambaa kwa mikono na miguu, na malkia na wajakazi wake wakaketishwa juu ya ngozi za ng'ombe na kuburutwa. Gregory alikuwa Canossa, katika ngome ya Matilda wa Toscana. Kwa siku tatu za mwisho wa Januari 1077 Henry alisimama mbele ya lango katika vazi la sufu la mtubu, miguu mitupu. Matilda alimwombea, na vilevile Hugh, abati wa Cluny, aliyekuwa baba wa ubatizo wa Henry. Kasisi hawezi kumfukuza mtu anayetubu. Gregory alimwondolea adhabu, na safari ya Augsburg ikafa palepale.

Kiapo alichokula Henry hapo Canossa hakisemi hata neno moja juu ya pete na fimbo. Ndiyo maana nasema picha ya theluji inatupoteza. Ilikuwa toba, na ilikuwa hila ya kisiasa, lakini suala la nani amsimike askofu lilibaki palepale. Katazo la waziwazi Gregory alilitoa mwaka 1078. Yaliyofuata ni vita. Henry alitengwa tena mwaka 1080, akajibu kwa kumweka Papa wake, akaiteka Roma na kutawazwa kaisari mwaka 1084. Gregory aliokolewa na Wanormani, ambao waliupora mji vibaya, akafia Salerno mwaka 1085. Henry naye aliasiwa na wanawe wawili na kufa mwaka 1106 akiwa bado ametengwa. Jeneza lake lilikaa miaka mitano huko Speyer katika kikanisa kisichowekwa wakfu.

Mwanawe Henry V alimpindua baba yake akiungwa mkono na watu wa Papa, kisha akaendelea kusimika maaskofu kama baba yake. Mwaka 1110 alishuka Italia na jeshi kubwa kudai taji la kaisari. Papa wakati huo alikuwa Paschal II, mtu wa utawani, na katika mazungumzo yao alitoa pendekezo ambalo halikuwahi kutolewa na Papa yeyote. Kama tatizo ni kwamba maaskofu wanashika mali na mamlaka ya mfalme, basi wayarudishe. Miji, wilaya, sarafu, ushuru, masoko, ngome, vyote vilivyotoka kwa wafalme virudi kwa mfalme. Kanisa litaishi kwa zaka na sadaka za waumini. Mfalme naye ataacha kabisa kukabidhi pete na fimbo, maana hatakuwa na sababu tena ya kujali nani ni askofu.

Henry alikubali, na tarehe 12 Februari 1111 mapatano hayo yalisomwa katika Basilika ya Mtakatifu Petro, ibada ya kumtawaza Henry ikiwa imeshaanza. Makelele yakalipuka. Maaskofu wa Ujerumani walisikia kwamba kesho yake wataamka bila mahakama, bila askari, wakiwa mapadri tu mbele ya mamwinyi wenye panga. Wakuu wa kilei nao walikasirika kwa sababu yao, maana wengi walikuwa wamepangishiwa ardhi na maaskofu, na hawakutaka bwana mpya aliye na nguvu kuliko yule wa zamani. Ibada ilivunjika. Henry akamkamata Papa pamoja na makardinali, akawachukua mateka, na baada ya miezi miwili Paschal alisalimu amri: akampa haki ya pete na fimbo, akamtawaza. Mwaka uliofuata sinodi ya Roma ilifuta ruhusa hiyo kwa kuwa ilitolewa kwa kulazimishwa.

Wapo waandishi wanaomwona Paschal kuwa mtu wa ndoto. Mimi namwona ndiye pekee aliyeutazama ugomvi huo hadi chini. Gregory alitaka maaskofu wawe huru kwa mfalme na wabaki na mali ya mfalme. Henry alitaka wabaki watumishi wake na waitwe wachungaji. Paschal aliona kwamba mawili hayo hayakai pamoja kwa amani. Alichokosa ni mtu hata mmoja, upande wowote, ambaye angefaidika.

Suluhisho lilikuja kwa njia ya wanasheria. Ivo, askofu wa Chartres huko Ufaransa, alikuwa amefundisha kwamba askofu anapokea vitu viwili tofauti: uchungaji wa roho, ambao mfalme hawezi kuutoa, na mali za dunia, ambazo ni za mfalme kuzitoa. Huko Uingereza mfalme Henry I na askofu mkuu Anselm wa Canterbury walipatana kwa msingi huo mwaka 1107. Tarehe 23 Septemba 1122, mjini Worms, wajumbe wa Papa Calixtus II na Henry V walifikia mapatano ya namna hiyohiyo. Kaisari aliacha pete na fimbo, akakubali askofu achaguliwe kwa uhuru na awekwe wakfu. Papa alikubali kwamba mali na madaraka ya kidunia yatolewe na kaisari kwa fimbo nyingine, ile ya enzi.

Uzito wote ulikuwa katika mpangilio. Ujerumani, uchaguzi ulifanyika mbele ya kaisari au mjumbe wake, na mteule alipokea fimbo ya enzi kabla ya kuwekwa wakfu. Mtu asiyetakiwa na kaisari aliweza kukwamishwa hapo. Italia na Burgundia, aliwekwa wakfu kwanza, na kaisari alitakiwa kumpa fimbo ya enzi ndani ya miezi sita. Hapo hakuwa na la kuzuia. Ndiyo maana makaisari walizidi kupoteza maaskofu wa Italia, huku wa Ujerumani wakizidi kuwa watawala kamili. Hati ya mwaka 1356 iliyowataja wakuu saba wa kumchagua mfalme iliwataja maaskofu wakuu watatu miongoni mwao, wa Mainz, Köln na Trier. Maaskofu wa Ujerumani waliendelea kutoza kodi, kuhukumu na kuweka askari hadi mwaka 1803, pale wakuu wa kilei, baada ya kushindwa na majeshi ya Napoleon, walipogawana nchi zao ili kujifidia walichopoteza.