Rejesta ya Saratani: Kwa Nini Mgonjwa wa Samuye Ataje Kata Yake

Mkazi wa Kata ya Samuye, mkoani Shinyanga, anayepewa rufaa kwenda Hospitali ya Kanda Bugando kwa dalili zinazoshukiwa kuwa za saratani, mara nyingi hufikia kwa ndugu jijini Mwanza. Akiulizwa mapokezi anaishi wapi, ni rahisi kutaja mtaa wa ndugu huyo. Jibu hilo huharibu hesabu mbili kwa mpigo: Mwanza huongezewa mgonjwa asiye wake, na Shinyanga hupungukiwa na wake.

Hospitali huhesabu waliofika. Rejesta ya saratani ya jamii huhesabu wakazi wote wa eneo lililoainishwa waliobainika kuugua katika mwaka husika, wawe wametibiwa Bugando, katika hospitali binafsi au Ocean Road, Dar es Salaam. Hata aliyejulikana kwa cheti cha kifo pekee huingizwa. Idadi hiyo ndipo hugawanywa kwa idadi ya watu iliyotokana na sensa.

Kazi yenyewe inahitaji uvumilivu. Watumishi wa rejesta hupita wodini, kliniki, maabara za patholojia na masjala, wakifungua faili moja baada ya jingine. Ng'wandu wa faili moja anaweza kuwa Mwandu wa faili jingine. Asipotambuliwa kuwa ni mtu yuleyule, atahesabiwa mara mbili.

Katika ukanda wa dhahabu wa Geita na Shinyanga, wananchi huuliza kama machimbo yanachangia saratani. Swali hilo ni la haki, kwani vumbi la silika linatambuliwa kimataifa kuwa chanzo cha saratani ya mapafu. Hata hivyo, wingi wa wagonjwa wodini haulijibu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,977,608 mkoani Geita na 2,241,299 mkoani Shinyanga; penye watu wengi, wagonjwa nao huwa wengi. Kinachohitajika ni kiwango cha ugonjwa kwa kila watu 100,000, kwa umri na jinsi, kikilinganishwa na maeneo yasiyo na migodi, na kwa miaka kadhaa mfululizo.

Miaka hiyo ndiyo mtaji. Rejesta ya Kampala, iliyoanza miaka ya 1950, ilikuwa na kumbukumbu za kutosha kupima jinsi saratani ya Kaposi ilivyopanda wakati wa janga la UKIMWI. Hapa nchini, wasichana walianza kupewa chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi kwa nchi nzima mwaka 2018. Matokeo yake yataonekana baada ya miaka mingi, na kwa takwimu za namna hii.

Mgonjwa au msindikizaji wake ataje kijiji, kata na wilaya anakoishi siku zote, umri, na majina matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho. Taarifa hizo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Namba ya simu ya ndugu wa Mwanza nayo iandikwe, lakini katika nafasi ya mawasiliano.