Mashua ya Bati na Samaki Mwenye Kinywa Kipana

Ndugu msomaji, ukilisikia neno "besi" labda wadhani nataka kusema habari za kwaya, na za wale wanaume wasimamao safu ya nyuma na kutoa sauti nene. Sivyo. Besi wa leo ni samaki wa maziwa na mito ya Marekani, na pamoja naye nitakueleza habari za mashua ndogo ya bati ambayo watu wengi wa huko humvulia. Nisikilize mpaka mwisho, kwa maana jambo hili lamhusu kila mtu apandaye chombo kidogo, hata kama Marekani hajaiona wala hataiona.

SAMAKI MWENYEWE

Wako besi wa aina nyingi, lakini apendwaye kuliko wote ni yule mwenye kinywa kipana. Mgongo wake ni wa kijani, ubavuni ana mstari mweusi, na taya lake hupita nyuma ya jicho hata akiwa amefumba kinywa. Hapendi kukimbia mbali kutafuta chakula. Hujificha chini ya gogo lililozama, au katikati ya magugu maji, akingoja samaki mdogo au chura apite, kisha humrukia ghafula. Jirani zetu wa Kenya wanamjua, kwa kuwa aliletwa kutoka Marekani na kutiwa katika ziwa la Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1920.

Besi mkubwa ajulikanaye sana alivuliwa tarehe 2 Juni 1932 katika jimbo la Georgia, na kijana mkulima aitwaye George Perry. Uzito wake ulikuwa pauni 22 na aunsi 4, yaani zaidi kidogo ya kilo 10. Perry hakuwa mtu wa mali. Alikuwa na rafiki yake katika mashua iliyotengenezwa kwa mikono, na yule samaki alikwenda nyumbani akaliwa na jamaa. Mwaka 2009 Mjapani mmoja, Manabu Kurita, alivua katika ziwa Biwa besi wa uzito karibu sawa na huo, wakahesabiwa kuwa sare.

MASHUA YA BATI ILITOKA WAPI?

Zamani mashua ndogo zilikuwa za mbao. Mwaka 1944 bwana mmoja, William Hoffman, mkubwa katika kiwanda cha Grumman kilichokuwa kikiunda ndege za vita, alikwenda mapumzikoni akachoka sana kwa kubeba mtumbwi wake mzito kutoka ziwa hata ziwa. Akawaza: kama bati la alumini laweza kuruka angani, mbona lisielee majini? Vita vilipokwisha mwaka 1945, kiwanda kile kikaanza kutengeneza mitumbwi ya alumini. Viwanda vingine vikafuata, na miongoni mwa vyombo vilivyotoka humo ni ile mashua yenye chini bapa, urefu kama mita 4 na kidogo, ambayo watu wawili waweza kuinyanyua na kuipakia garini.

Halafu yakaja mashindano. Mwaka 1967 Ray Scott, mtu wa Alabama, aliandaa shindano la kuvua besi katika ziwa la Beaver, jimbo la Arkansas, na mwaka 1968 akaunda chama cha wavuvi hao. Tangu hapo zikaundwa mashua za fahari, zenye injini za nguvu na sitaha pana za kusimamia. Leo mashua ya namna hiyo, ikiwa mpya, yaweza kuuzwa zaidi ya dola 70,000. Mtu wa mshahara mdogo afanyeje? Hununua mashua kuukuu ya bati, huileta nyuma ya nyumba yake, naye hushika msumeno.

KAZI YA MIKONO, NA HATARI YAKE

Hapa, ndugu msomaji, ndipo penye shauri langu. Kazi hii ni nzuri. Baba na mwanawe hukaa pamoja jioni wakipima, wakikata, wakipaka rangi. Huweka sitaha ya plaiwudi mbele ili mvuvi asimame na kuona mbali. Hufunga mota ndogo ya umeme isiyopiga kelele, kwa maana besi husikia mtikisiko wa maji kwa ubavu wake wote. Tena hutandika mpira sakafuni, kwa sababu koleo likianguka juu ya bati tupu, mlio wake hufika majini na kumtia samaki shaka.

Lakini kila kitu unachokiongeza katika chombo kidogo kina bei yake, wala bei hiyo hailipwi dukani. Hulipwa majini.

Tangu mwaka 1972 sheria ya Marekani inataka mashua ndogo za namna hii ziunganishwe na kibao kinachotaja uzito usiopaswa kupitwa: watu, injini na mizigo pamoja. Tuseme kibao cha mashua yako kinasema kilo 230. Sasa chukua kalamu tuhesabu. Wewe na mwenzako, kilo 80 kila mmoja, ni 160. Injini ya petroli, kilo 40, twafika 200. Betri, 25, jumla 225. Mota ya umeme, 12, jumla 237. Kwisha! Mmekwisha kupita kipimo, na bado petroli na tangi lake, kilo 12, na sitaha yako mpya ya plaiwudi pamoja na fremu yake, kilo 30. Jumla ni kilo 279. Mmezidi kwa kilo 49 kabla hamjatia ndoana hata moja, wala chakula, wala nanga.

Tena si uzito peke yake. Ni mahali uzito ulipo. Mtu aliyeketi chini huituliza mashua. Mtu yule yule akisimama juu ya sitaha iliyoinuliwa, huiyumbisha. Basi fikiri asubuhi moja katika ziwa la Guntersville, Alabama, lililofanyika bwawa lilipokamilika mwaka 1939. Ukungu umetanda, maji bado ni baridi. Mshipi wako unavutwa kwa nguvu, nawe unapiga kelele, "Ni mkubwa!" Mwenzako anaruka kuchukua wavu. Sasa nyote wawili mmesimama juu, upande mmoja, mmeinama. Huhitaji dhoruba. Huhitaji wimbi. Mashua inapinduka kwa furaha yenu wenyewe.

MAMBO MANNE YA KUSHIKA

Kwanza, usiondoe mabenchi ovyo. Wengi huyakata ili wapate nafasi, bila kujua kwamba benchi lile hushikilia mbavu za mashua zisipanuke, na kwamba mara nyingi ndani yake mna povu gumu liizuialo mashua kuzama ikijaa maji. Ukiliondoa povu, huna budi kurudisha jingine la kutosha chini ya sitaha. Na ikitokea mmepinduka, msiiache mashua mkaogelea kutafuta pwani. Ishikeni; yaonekana kwa urahisi kuliko kichwa cha mtu.

Pili, chagua mbao zako vizuri. Mbao zilizotiwa dawa ya shaba ili zisioze hula bati la alumini zikilowa. Mtu hujidhani amejenga chombo cha miaka 20, kumbe ametia kutu chini ya miguu yake. Plaiwudi isiyo na dawa hiyo, iliyopakwa rangi vizuri pande zote na kufungwa kwa skrubu za chuma kisichoshika kutu, yafaa zaidi. Nayo sitaha iwe chini kadiri iwezekanavyo.

Tatu, ukiwa na injini, jifunge kamba ya kuizimia. Ukianguka, kamba huchomoka na injini hufa papo hapo, isikuzunguke na kukukata. Tangu tarehe 1 Aprili 2021 sheria ya Marekani inawataka waendeshao mashua ndogo zenye injini ya nguvu za farasi 3 au zaidi waitumie, chombo kikiwa katika mwendo wa kasi.

Nne, vaa jaketi la kuokolea. Nasema vaa, sisemi chukua. Jaketi lililokaliwa kama mto halimwokoi mtu. Idara ya walinzi wa pwani ya Marekani ilihesabu watu 564 waliokufa katika ajali za vyombo vya starehe mwaka 2023. Katika wale ambao sababu ya kifo ilijulikana, 75 katika kila 100 walikufa maji. Na katika hao waliozama, pale ilipojulikana kama walivaa au hawakuvaa, 87 katika kila 100 hawakuwa na jaketi mwilini. Soma hesabu hiyo mara ya pili.

KUPUNGUZA NI UFUNDI

Huenda utasema, "Karani, umetuharibia starehe." Sivyo, ndugu yangu. Rudi kwenye hesabu yetu. Siku utakayokwenda peke yako, kilo 279 zageuka 199, na mashua yako yaelea kwa amani, na nafasi imebaki ya ndoana, nanga na chakula. Siku utakayokwenda na mwenzako, iache injini ya petroli nyumbani na tangi lake, uitoe na sitaha. Umepunguza kilo 82, zimebaki 197. Mtakwenda polepole kwa umeme na makasia, mkiwa mmeketi. Mtapungukiwa na nini? Besi hayuko mbali. Yuko pale kwenye magugu karibu na ukingo, mahali ambapo mashua za fahari hazifiki.

Fundi wa kweli si yule ajuaye kuongeza tu. Ni yule atazamaye kazi ya mikono yake mwenyewe, aliyoipenda na kuitolea jasho, kisha aseme, "Hiki kinazidi," akakitoa. Kijana atakayejifunza hayo kwa baba yake nyuma ya nyumba amepata urithi mkubwa kuliko samaki wa kilo 10.

Nawe msomaji ukaaye kando ya ziwa au mto wetu, mtumbwi wako hauna kibao cha kilo. Lakini una ukingo, na maji yana mahali yanapofika. Kabla hujasema "panda, bado nafasi ipo," inama kwanza utazame ukingo ule.