Umbo la Sumu za Bakteria na Uwezo Wake wa Kuua Seli: Maelezo kwa Walimu na Wanafunzi wa Kiswahili

Utangulizi

Sisi walimu wa Kiswahili huulizwa mara kwa mara maswali ambayo hayamo katika muhtasari wa somo. Tulipokuwa tukifanya zoezi la kutafsiri kijikaratasi cha chanjo za watoto, mwanafunzi mmoja alituuliza: "Mwalimu, hapa nimeandika kwamba mtoto anachanjwa kwa sumu ya bakteria. Mzazi akisoma hivi, ataleta mtoto kweli?" Sentensi yake haikuwa na kosa la sarufi hata moja. Hata hivyo, ilikuwa na kasoro kubwa ya maana, na kasoro hiyo ingeweza kumnyima mtoto kinga. Tulitambua kwamba hatuwezi kuirekebisha kabla ya kuelewa jambo lenyewe. Katika makala haya tunaeleza jinsi sumu ya bakteria inavyoundwa na jinsi umbo lake linavyoiwezesha kuua seli. Mfano wetu mkuu ni sumu ya ugonjwa wa dondakoo.

Sumu hii ni nini?

Sumu tunayoizungumzia ni protini. Protini ni mnyororo wa asidi amino, nazo ni za aina 20 hivi. Kama vile fonimu chache za lugha zinavyotupa maelfu ya maneno kwa kupangwa kwa namna mbalimbali, ndivyo asidi amino hizo chache zinavyotoa protini nyingi. Mnyororo ukishaundwa hujikunja na kupata umbo maalumu. Umbo hilo ndilo linaloamua kazi ya protini. Umbo likiharibika, kwa mfano kwa joto, kazi nayo hupotea.

Mwaka 1888, Émile Roux na Alexandre Yersin walionyesha huko Paris kwamba bakteria wa dondakoo hutoa sumu, na kwamba sumu hiyo peke yake, bila bakteria wenyewe, inatosha kudhuru mwili. Leo tunajua kwamba ni mnyororo wa asidi amino 535. Umbo lake kamili lilichapishwa mwaka 1992 baada ya kuchunguzwa kwa miale ya eksirei.

Mzizi na viambishi

Sumu ya dondakoo ina vipande viwili, A na B, vilivyounganishwa kwa kifungo cha salfa. Kipande A ndicho muuaji. Kipande B hakiui, lakini ndicho kinachofungua mlango wa seli.

Mwanafunzi wa mofolojia hatapata tabu kuelewa uhusiano huu. Mzizi -pig- umebeba maana ya tendo, lakini hauwezi kusimama peke yake katika sentensi. Unahitaji viambishi ili tupate "anapiga" au "walipigana". Vivyo hivyo, kipande A kikiwa nje ya seli bila B hakina madhara yoyote ya maana, kwa sababu hakina njia ya kuingia.

Kazi yenyewe hufanyika kwa hatua zifuatazo:

1. Ncha moja ya kipande B hushika kipokezi kilichoko juu ya utando wa seli.
2. Seli huimeza sumu ndani ya kifuko kidogo.
3. Hali ya asidi ndani ya kifuko hubadilisha umbo la sehemu nyingine ya B, nayo hujichomeka katika utando wa kifuko na kutoboa njia.
4. Kipande A hupita hapo, kifungo cha salfa hukatika, na A hubaki huru ndani ya seli.
5. Kipande A, ambacho ni kimeng'enya, huizuia protini inayosaidia ribosomu kusonga mbele. Seli hushindwa kutengeneza protini zake, ikafa.

Kwa kuwa kimeng'enya hakiishi kwa kutumika, kipande A hurudia kazi yake tena na tena. Mwaka 1978 watafiti wa Japani walionyesha kwamba molekuli moja tu ya kipande hicho, ikifika ndani, inaweza kuua seli.

Ushahidi wa umuhimu wa B unatoka kwa panya. Panya hustahimili sumu hii kwa sababu kipokezi cha seli zao hakishikani vizuri na kipande B. Lakini kipande A kikiingizwa moja kwa moja ndani ya seli zao, hufa kama nyingine.

Badiliko la fonimu moja

Tunafundisha kwamba "pata" na "bata" hutofautiana kwa fonimu moja tu. Sumu ya dondakoo ina jozi ya aina hiyo. Katika nafasi ya 52, asidi amino iitwayo glisini ikibadilishwa na asidi ya glutamiki, kipande A hupoteza uwezo wake wa kuua. Protini hiyo iliyobadilika huitwa CRM197, na hutumika katika baadhi ya chanjo za nimonia na uti wa mgongo.

Si kila sumu huua seli

Umbo tofauti huleta madhara tofauti. Sumu ya kipindupindu ina kipande A kimoja na vipande B vitano vilivyopangwa kama pete. Haiui seli za utumbo, bali huzilazimisha kumwaga maji na chumvi. Mgonjwa hufa kwa kuishiwa maji, ndiyo maana maji ya chumvi na sukari huokoa maisha. Sumu ya pepopunda hukata protini inayosaidia neva kutoa ujumbe, na misuli hukakamaa. Nayo sumu ya alfa ya bakteria Staphylococcus aureus haina mpangilio wa A na B. Molekuli saba huungana na kufanya umbo la uyoga, shina lake likatoboa utando wa seli.

Kutoka sumu hadi chanjo

Mwaka 1923 Gaston Ramon wa Ufaransa alionyesha kwamba sumu ya dondakoo ikitiwa formalini na kuwekwa katika joto la wastani hupoteza makali, lakini mwili bado huitambua. Sehemu kubwa ya sura yake ya nje hubaki, na mwili hujifunza kuizuia sumu halisi. Kitu hicho huitwa toksoidi.

Hapo ndipo tafsiri ya mwanafunzi wetu ilipoteleza. Alichokiita sumu si sumu tena. Baada ya majadiliano, darasa lilikubaliana kuandika hivi: "Chanjo hii imetengenezwa kwa sumu ya bakteria iliyokwisha kuondolewa makali, haiwezi kumletea mtoto ugonjwa, bali huufundisha mwili wake kujikinga."

Hitimisho

Dondakoo haujatoweka, mwaka 2023 Nigeria ilikumbwa na mlipuko mkubwa, na wengi walioathirika walikuwa watoto ambao hawakuchanjwa kikamilifu. Hivyo, mfasiri wa maandishi ya afya anapaswa kujua kitu chenyewe kabla ya kukichagulia neno. Tunapendekeza "toksoidi" litumike katika vitabu vya sayansi, na "sumu iliyoondolewa makali" katika maandishi ya wazazi. Tunawakaribisha walimu na wanafunzi wenye istilahi bora zaidi watuletee, ili tuzijadili katika toleo lijalo.